Doti Tuliyolipia Maji: Dodoma kwa Mgeni Anayetoka Visiwani



Sisi wa cherehani tuna maneno yetu ambayo kila mwanamke wa Unguja na Pemba anayajua, hata kama hajawahi kushika sindano. Moja ni doti. Bibi harusi anahesabiwa doti zake, mzazi anapelekewa doti ya kanga, na kisutu nacho kinatoka kwa doti. Doti ni vipande viwili, hapo hatubishani. Lakini ukiuliza neno hili lilitembea wapi kabla ya kuingia kwenye sanduku la bibi harusi, jibu litakupeleka mbali na bahari, mpaka Dodoma.

Tunaizungumza Dodoma kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba dada zetu wengi wanakwenda huko. Tangu Serikali ya Muungano ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, waume wengi wamepangiwa kazi huko, na msichana anaolewa Mwanakwerekwe leo, kesho kutwa yuko njiani kwenda bara. Wengine wanakwenda kusoma Chuo Kikuu cha Dodoma, wengine biashara, wengine matembezi tu kwa kuwa treni imerahisisha mambo.

Sababu ya pili ni maneno tunayoyasikia wakati wa kuagana. "Unakwenda kwenye vumbi." "Utakula mlenda mpaka uchoke." "Kwa Wagogo ombaomba huko." Tunacheka, halafu tunafunga begi. Sisi tunaona kicheko hiki hakitufai. Kati ya visiwa vyetu na Ugogo kuna historia ndefu, na katika historia hiyo aliyekuwa akiomba si Mgogo. Alikuwa ni mtu wa pwani, akiomba maji na njia.

Wakati nguo ilikuwa pesa

Karne ya 19 kisiwa chetu kilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu. Misafara ilipakia mali hapa Unguja, ikavuka hadi Bagamoyo, kisha ikaenda kwa miguu mpaka Tabora na Ujiji. Kufika Tabora tu kulichukua miezi, mara nyingi karibu mitatu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mzigo wa kama frasila mbili kila mmoja, yaani zaidi ya kilo 30, kichwani au begani.

Ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na nini? Shanga, nyaya za shaba, na zaidi ya yote nguo. Huko bara sarafu haikuwa na kazi kubwa. Ukitaka mtama, mbuzi au kivuko cha mto, ulilipa kwa kitambaa.

Nguo mbili ndizo zilizotamba. Ya kwanza ni merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Kiliitwa hivyo kwa sababu kililetwa na meli za Wamarekani, hasa za bandari ya Salem, Massachusetts, ambao walitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, kati ya 1861 na 1865, merikani ya kweli ikaadimika na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi, lakini jina likabaki mpaka leo. Nguo ya pili ni kaniki, iliyotiwa nili ikawa buluu ya kukaribia weusi, na hiyo ilitoka India.

Nguo zilipimwa kwa mkono, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono 4 ni shuka. Shuka 2, yaani mikono 8, ni doti. Hapo ndipo doti yetu ilipo, dada. Vipande viwili vya wakati ule na vipande viwili vya kanga za leo ni hesabu ile ile. Kabla doti haijawa kipimo cha kumtunza bibi harusi, ilikuwa kipimo cha kulipia safari.

Waliotoa mtaji wa mali hiyo, wengi wao walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na Bagamoyo. Taria Topan, Muismailia maarufu wa Unguja, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip mali ya kuingilia bara. Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo alijulikana kwa kuandaa misafara na wapagazi. Kwa hiyo tangu mwanzo njia ya Ugogo ilikuwa ya watu wa asili nyingi: mtaji wa Mhindi, nguo ya Mmarekani, mkuu wa msafara Mwarabu au Mswahili, bega la Mnyamwezi, na maji ya Mgogo.

Hongo, forodha ya nchi kavu

Msafara ukiondoka Mpwapwa ulikutana na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunyweka. Ukivuka salama, unaingia Ugogo. Mvua ya huko inanyesha kati ya Desemba na Aprili, halafu ni ukame miezi mingi. Maji yapo, lakini ni ya visima vilivyochimbwa kwa jasho na kulindwa. Fikiria sasa watu mia kadhaa, pengine elfu, wanafika na kiu siku moja, wote wanataka kunywa kisimani kwako, na ng'ombe wako nao wanasubiri.

Watemi wa Kigogo walitoza hongo. Kila mtemi kwa nchi yake, na kila msafara ulilipa kwa doti. Hakukuwa na njia rahisi ya kuzunguka, kwa sababu nje ya Ugogo kulikuwa na nyika kavu. Mkaidi alinyimwa maji na chakula, na vita na Wagogo vilikuwa hasara, maana walikuwa wengi na hodari wa mkuki. Aliyelipa alipita, akanunua mtama, maziwa na asali, akaendelea mpaka Mgunda Mkali, nyika nyingine iliyowatenga na Unyamwezi.

Wazungu waliopita, kama Richard Burton mwaka 1857 na Henry Morton Stanley mwaka 1871, waliilalamikia sana hongo katika vitabu vyao. Watu wa pwani nao walinung'unika. Picha ya Mgogo kama mtu wa kudai ilianzia katika midomo ya wasafiri waliokuwa na haraka.

Sasa tujiulize. Pale Forodhani, tunapokula urojo na mishikaki, jina lile limetoka wapi? Limetoka kwenye forodha. Mali ikiingia bandarini ililipiwa ushuru wa Sultani, na kwa mkataba wa Wamarekani ulikuwa 5 kwa 100. Hatukuwahi kumwita Sultani ombaomba kwa hilo. Alikuwa mwenye bandari, akatoza bandari yake. Mtemi wa Ugogo alikuwa mwenye kisima, akatoza kisima chake. Leo neno hongo katika Kiswahili maana yake ni rushwa, lakini wakati ule lilikuwa malipo ya wazi, mchana kweupe, baada ya majadiliano ya siku kadhaa.

Waliopita bila kuulizwa

Hapa inatubidi tuseme kweli, hata kama inauma. Njia ile haikuteremsha pembe peke yake. Iliteremsha pia watu waliouzwa, na miongoni mwao walikuwemo wanawake na watoto. Wengine walitoka Manyema, mbali zaidi ya ziwa Tanganyika, wakapita humo humo Ugogo wakiwa wamefungwa, wakavushwa bahari wakafikia kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria hapa mwaka 1897.

Watumwa wa hapa walijulikana kwa mavazi yao, nayo yalikuwa merikani na kaniki, nguo zile zile za njiani. Baada ya uhuru wao wanawake wengi waliziacha, wakajifunga kanga zenye rangi na maua. Mwanamke alikuwa akisema kwa kitambaa kwamba hana bwana wa kumvalisha. Kwa hiyo unapotandaza doti zako kitandani ukichagua ya kuanzia fungate, jua kuwa unashika kitu ambacho bibi wa mtu alikifurahia kuliko dhahabu.

Nyumba nyingi za Unguja zina bibi ambaye asili yake ni bara, hata kama hatajwi kwenye mazungumzo ya posa. Ndiyo maana tunasema kumdharau mtu wa bara ni kumdharau bibi yetu mwenyewe. Na sisi Waislamu tumeshafundishwa katika Suratul Hujurat kwa nini kuna mataifa na makabila. Hatukufundishwa kuyapangia daraja.

Reli ilipofika

Jina la Dodoma linasimuliwa na wenyewe kwamba ni Idodomya, mahali palipozama. Tembo alikwenda kunywa maji, akakwama kwenye tope. Hata katika kisa cha jina, kiini ni maji.

Dodoma haikuwa mji mkubwa wa misafara. Kilichoukuza ni reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Hongo ilikwisha kukomeshwa na utawala wao, na sasa mzigo wa mpagazi ukapanda behewa. Pembeni ya stesheni mji ukaota. Wahindi wenye maduka walikuja, Waismailia, Wahindu na Masingasinga, na mpaka leo kuna kata inaitwa Uhindini. Watu wa pwani na wa makabila mengine ya bara nao wakajenga. Wamisionari wakajenga makanisa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya pande zote yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikagoma. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo wanaiita Mtunya, na ilichukua roho za watu kwa maelfu. Anayetaka kumcheka Mgogo kwa umaskini aisome kwanza habari ya Mtunya. Watu walinyang'anywa akiba yao katika vita visivyokuwa vyao.

Mwaka 1973 TANU iliamua Dodoma iwe makao makuu ya nchi, kwa kuwa iko katikati na kila mtu angeifikia. Kazi ilikwenda polepole kwa miaka mingi. Baada ya 2016 ikashika kasi. Desemba 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, binti wa Kusini Unguja, alihamia Dodoma, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Kwa hiyo bibi harusi wetu, usijione wa kwanza kutoka kisiwani kufungua begi huko.

Kufika na kutembea

Boti ya haraka kutoka Malindi mpaka Dar es Salaam ni kama saa mbili. Kutoka hapo kuna treni ya umeme ya SGR, ambayo ilizinduliwa rasmi kwa safari za Dodoma tarehe 1 Agosti 2024. Treni ya haraka inachukua chini ya saa nne. Kata tiketi mapema, hasa siku za Bunge na sikukuu. Ukishapita Kilosa kaa dirishani. Treni inaingia kwenye mahandaki, inatokea milimani, halafu nchi inakuwa kavu na mibuyu inaanza. Ukisikia Gulwe, jua Mpwapwa iko jirani, na misafara ya kina babu ilikuwa ikipumzika pande hizo ikijiandaa kwa Marenga Mkali. Wewe una chupa ya maji baridi mkononi. Sema alhamdulillah.

Mjini, bodaboda, bajaji na daladala zipo kila upande. Jitahidi uulize bei kabla ya kupanda. Katikati ya mji panatembeleka kwa miguu. Anzia Nyerere Square, bustani yenye sanamu ya Mwalimu, ambapo familia hupumzika jioni. Kutoka hapo, katika matembezi ya mchana mmoja, utaona msikiti wa Waismailia, hekalu la Masingasinga, na makanisa makuu ya Waanglikana na Walutheri, vyote katika mji mmoja, na watu wake wanauziana vitunguu bila kuulizana dini.

Kwa sala, Msikiti wa Gaddafi ndio unaojulikana zaidi. Ulijengwa kwa msaada wa Libya na ukafunguliwa mwaka 2010, na ni miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa nchini. Uliza mlango wa wanawake ukifika. Mambo ya kupunguza sala safarini na suala la mahram muulize shekhe wako kabla ya kuondoka, usingoje uwe kwenye boti.

Jambo moja wageni wengi wa kutoka visiwani hulisahau: Dodoma iko magharibi yetu, kwa hiyo jua linachwa baadaye, kama robo saa. Ukiwa umefunga Ramadhani au Sunna, usifuturu kwa adhana ya Unguja inayolia kwenye simu yako. Fuata adhana ya hapo ulipo.

Sokoni Majengo tafuta karanga, asali, mafuta ya alizeti na zabibu mbichi. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na bei yake huko itakufanya ucheke. Kwa kuwa mvinyo nao unatengenezwa huko huko, ukiletewa kinywaji cha zabibu uliza kwanza ni juisi au ni nini. Na ule ubuyu tunaoupika kwa sukari na hiliki, nenda ukaone miti yake ilivyosimama mashambani.

Kwa mwenye siku ya ziada, panda gari la kwenda Kondoa, kaskazini, kama kilomita 160 kwa lami. Warangi wa huko wengi ni Waislamu, na mavazi na salamu utazifahamu mara moja. Mbele kidogo, Kolo, kuna michoro ya kale ya mawe ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu maelfu ya miaka kabla ya msafara wowote. Chukua mwongozaji wa hapo hapo na uvae viatu vya kupandia mawe.

Begi la bibi harusi wa Dodoma

Haya sasa ni ya fundi. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, usiku wa Juni na Julai baridi inauma. Mbebee bibi harusi sweta na shali nzito. Hewa ni kavu, na vitambaa vya nailoni na poliesta hunata mwilini na kutoa cheche, kwa hiyo baibui liwe na bitana ya pamba. Baibui jeusi tii linaonesha kila chembe ya vumbi. Rangi ya udongo, kijivu au zaituni itakupunguzia kufua. Upindo usiburure, ukate uishie kwenye kifundo cha mguu. Upepo ni mwingi, mtandio ufungwe kwa pini mbili. Mafuta ya nazi usiyasahau, ngozi iliyozoea unyevu wa bahari itapasuka.

Ukiamka, msalimie jirani kwa lugha yake. Mmoja unamwambia "Mbukwa," na wengi "Mbukwenyi." Utaona uso unavyofunguka. Ukikaribishwa ugali wa uwele na mlenda, kula. Wanawake wa Kigogo ndio wapigaji wa ngoma ya muheme, na ukibahatika kuwaona siku ya sherehe, utajua kuwa hawa si watu wa kuonewa huruma.

Na jambo la mwisho la kutia begini: doti mbili au tatu za kanga mpya, zisizofunguliwa. Si za kuvaa wewe. Ni za mwanamke wa jirani atakayekuonesha bomba la maji linatoka siku gani, duka lipi linauza samaki wa kweli, na mkunga yupi ana mkono mwema. Babu zetu walitoa doti kwa Mgogo kwa kulazimika, kwa kinyongo, ili wapite. Sisi hatupiti, tunakwenda kukaa. Chagua kanga yenye jina zuri, umpelekee kwa mikono miwili.

Allah awape safari njema na ndoa zenye utulivu, huko bara na hapa visiwani. Aamin.